Kompresheni ya mashine ya boti ikisoma chini: mambo ya kukagua kabla ya kununua pistoni

Fundi kachomoa plagi, kaingiza geji ya kupimia kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), kavuta kamba mara mbili, kisha kamgeukia mwenye boti: "Paundi sabini. Pistoni imekwisha hiyo." Hapo hapo zinaanza simu za Mombasa kuulizia spea, na boti inalala Mokowe huku wenziwe wanabeba abiria. Huenda fundi kasema kweli. Huenda pia geji ndiyo iliyodanganya, au pistoni ni nzima ila ringi (pete za pistoni zinazoziba hewa) zimeshikwa na masizi. Na iko hali mbaya kuliko zote: pistoni kweli imeumia, lakini kilichoiumiza bado kimo ndani ya mashine, kinaisubiri pistoni mpya.

Namba ya kompresheni inakuonyesha silinda yenye shida. Sababu ya shida utaitafuta mwenyewe kwa macho, masikio na vidole. Nitaanza na mashine za petroli za stroki mbili, zile za nguvu ya farasi 15 na 40 ambazo ndizo zimejaa hapa Amu (Lamu) na visiwa vya juu hadi Kizingitini, halafu stroki nne, na dizeli kidogo kwa ajili ya wenye majahazi.

Dalili zinazokupeleka kwenye geji

Kamba ya kuwashia ndiyo kipimo cha kwanza, na haina gharama. Mashine ya silinda mbili ya stroki mbili, ukiivuta kamba polepole plagi zikiwa zimefungwa, mkono ukutane na ugumu mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Ugumu wa kwanza ukiwa wa kawaida na wa pili ukapita laini, tayari unajua silinda moja haibani. Ikiwa kamba nzima inakuja laini kiasi cha mtoto kuivuta, zote mbili zina jambo.

Dalili nyingine ni hizi. Asubuhi mashine inakataa kuwaka mpaka bega liume, lakini ikishapata moto inawaka kwa mvuto mmoja. Ikiwa slo (mzunguko wa chini kabisa) inatetemeka na kuzimika. Boti ikiwa na watu watatu inapanda juu ya maji vizuri, ukiongeza abiria na magunia inabaki pua juu, mkia umezama, na throtoli imefika mwisho. Mafuta ya kwenda Faza na kurudi yanaanza kuishia njiani.

Lakini boti isiyopanda haina maana moja tu. Mashine ikilia juu sana huku boti haisogei, tazama propela: mpira wa ndani umeteleza. Boti iliyokaa majini miezi bila kukwanguliwa magamba na mwani chini huwa nzito vilevile. Bomba la mafuta lililokunjika, chujio lenye maji, plagi iliyolowa, vyote hivi huiba nguvu na geji haitavionyesha. Malizia hivyo kwanza, ni kazi ya nusu saa.

Kupima bila kujidanganya

Hapa ndipo namba nyingi za uongo zinapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Washa mashine, ipate moto wa kawaida, kisha zima. Aluminiamu ya pistoni hutanuka ikipata moto, na mashine baridi husoma chini. Kama haiwaki kabisa, pima ikiwa baridi, ila ujue utakuwa unalinganisha silinda na silinda tu, wala usiishikilie namba yenyewe.

Chomoa plagi zote, si ile ya silinda unayoipima peke yake. Ukiacha moja imefungwa, mashine inazunguka kwa kujikokota na usomaji unashuka. Ondoa kamba ya usalama kwenye swichi, na kila waya wa plagi uufungie kwenye chuma cha mashine. Hili halina mjadala. Matundu ya plagi yanatema mvuke wa petroli, na waya unaoning'inia hewani unarusha cheche. Moto umeshatoka hapo. Tena umeme usio na pa kwenda unaweza kuiunguza CDI, kile kisanduku kinachotoa umeme wa plagi, na bei yake unaijua.

Fungua throtoli mpaka mwisho na umwambie mtu aishike hapo. Throtoli iliyofungwa inanyima silinda hewa, na silinda isiyo na hewa haina cha kubana. Hili linasahaulika kuliko yote.

Kisha vuta kwa nguvu na kwa mvuto mrefu, mara tano au sita, mpaka sindano ikatae kupanda. Mivuto miwili haitoshi. Kwa stata, hakikisha betri imejaa. Angalia sindano inavyopanda, maana hilo nalo ni habari: silinda nzima inaruka juu kwa mvuto wa kwanza na kumalizia taratibu, yenye ringi dhaifu inaanza chini na kupanda kidogo kidogo kila mvuto. Andika namba zote mbili, ya mvuto wa kwanza na ya mwisho.

Sasa geji yenyewe. Geji za kufunga kwa skrubu ni bora kuliko zile za kukandamiza kwa mkono, maana mkono unachoka na hewa inapita. Geji zenye hosi ndefu zina mtego ambao mafundi wengi wa magari hawajakutana nao. Kivali kidogo kinachozuia hewa isirudi kinatakiwa kiwe kwenye ncha, pale inapofungiwa tundu la plagi. Kikiwa juu karibu na saa, hosi nzima inageuka kuwa sehemu ya silinda. Kwenye injini ya lori hilo halihisiki. Kwenye mashine ya 15, ambayo kila silinda ni sentimita za ujazo 120 hivi, nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo mno, na hewa ya ndani ya hosi inatosha kushusha namba kwa paundi nyingi. Ukikuta mashine ndogo inasoma chini silinda zote na inawaka vizuri, badilisha geji kabla hujabadilisha pistoni. Ijaribu geji ile ile kwenye mashine nyingine unayojua ni nzima. Ikisoma chini huko nako, kesi imekwisha.

Namba zisomwe vipi

Mafundi wetu husema "paundi", yaani psi iliyoandikwa kwenye uso wa geji. Baa 1 ni paundi 14.5, kwa wenye geji za baa. Mashine za boti za stroki mbili kwa kawaida huangukia kati ya 90 na 130, kila modeli na yake, na kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Chini ya 90 anza kuuliza maswali. Ikishuka zaidi ya hapo, kuwaka kwa baridi kunakuwa kwa shida.

Lakini tofauti ya silinda na silinda ina uzito kuliko namba yenyewe. Mashine yenye 95 na 98 nitaifunga nikasafiri nayo hadi Kiwayu. Yenye 125 na 100 nitaifungua, hata kama zote mbili ziko "ndani ya kiwango". Tofauti ikizidi asilimia 10 weka macho. Ikizidi 15 kuna jambo limetokea katika silinda hiyo peke yake, na jambo hilo lina sababu.

Kuna nukta moja kwa wanaonunua mashine zilizotumika kutoka bara. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 18, kwa sababu ya mwinuko. Mashine inayosoma 120 hapa kwenye usawa wa bahari, huko juu itasoma karibu na 100. Kwa hiyo muuzaji akikutumia picha ya geji ya Nairobi yenye 100, hajakutapeli. Akikutumia ya 100 iliyopimwa Mombasa, hiyo ni habari nyingine.

Silinda zote zikiwa chini na zinalingana

Silinda mbili hazichakai kwa kiwango kimoja kwa bahati nasibu. Zikishuka pamoja, shuku kwanza kipimo: throtoli, betri, mivuto michache, geji. Ukishayaondoa hayo, uliza mashine imekuwa wapi.

Mashine iliyolala kusi nzima chini ya mti, bila oili kutiwa ndani ya silinda, inakuwa na kuta kavu na vumbi jembamba la kutu. Mashine iliyovutwa na kuvutwa bila kuwaka inakuwa imefurika petroli, na petroli imeosha oili iliyokuwa inasaidia ringi kubana. Zote mbili dawa yake ni moja: kijiko kimoja cha chai cha oili katika kila silinda, vuta taratibu mara kadhaa, acha itulie, pima tena. Zikipanda na zikabaki juu baada ya mashine kuwaka na kufanya kazi, umemaliza. Zikipanda kisha zikashuka tena, basi ni uchakavu wa kweli wa ringi na kuta. Usimimine oili nyingi ukadhani unasaidia. Oili ikijaa juu ya pistoni inapunguza nafasi na namba inapanda kwa uongo.

Silinda moja ikiwa chini

Hii ndiyo hali inayoletwa zaidi, na ndiyo yenye mengi ya kusema.

Usifungue hedi (kifuniko cha juu cha silinda) bado. Chukua tochi ya simu, au kamera ile nyembamba ya waya inayochomekwa kwenye simu, uchungulie tundu la plagi huku mwenzako akizungusha flaiwili (gurudumu zito la juu ya mashine) kwa mkono polepole. Unatafuta vitu vitatu: uso wa juu wa pistoni, ukuta wa silinda, na ncha ya plagi uliyoichomoa.

Uso wa pistoni uwe na masizi mepesi ya kahawia au meusi. Ukiukuta umeng'aa, chuma kitupu, kana kwamba umesuguliwa na mvuke, basi umesuguliwa na mvuke kweli: maji yanaingia, na gasketi ya hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ukikuta kingo zimelika na kuparuza kama zimepigwa msasa, hiyo ni petroli iliyokuwa inalipuka kabla ya wakati wake. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya hivyo. Boti iliyozidishwa mizigo na kupewa propela kubwa hufanya hivyo pia, maana mashine inasukuma kwa nguvu zote bila kufika mizunguko yake. Tundu katikati ya pistoni halihitaji maelezo, ila uliza nani alibadilisha plagi na namba ya plagi ni ipi. Plagi ya joto lisilo lake hutoboa pistoni.

Kuta sasa. Ukuta usio na shida una mistari laini ya kukatizana iliyoachwa na jiwe la kunolea, au umesuguka ukawa laini. Ukiona michirizi ya wima yenye rangi ya fedha, ni aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka na kujipaka kwenye chuma. Hapo pistoni ilishika, hata kama kwa sekunde moja na nahodha hakujua. Angalia michirizi iko upande gani. Ikiwa upande wa ekzosi tu, joto lilizidi au petroli ilikuwa pungufu kwa hewa iliyoingia. Ikiwa imezunguka pande zote, mara nyingi ni oili iliyokosekana. Ikiwa sehemu nne zinazokabiliana, pistoni ilitanuka haraka kuliko silinda: mashine iliwashwa baridi ikatiwa moto wote papo hapo, au maji ya kupoza yalikatika.

Kukosa oili kwa silinda moja kunawashangaza watu. "Oili nilitia, kwa nini hii moja tu?" Katika mashine inayochanganyiwa oili ndani ya petroli, petroli ndiyo inayobeba oili. Ikiwa kila silinda ina kabureta yake, jeti moja (kitundu kinachopitisha petroli) ikiziba nusu, silinda ile inapata petroli pungufu na oili pungufu kwa wakati mmoja, na hewa ileile. Inakuwa moto na kavu. Nimeona mashine iliyosoma 118 silinda ya juu na 65 ya chini, mwenyewe keshanunua pistoni. Tulipofungua kabureta ya chini, ndani ya jeti kulikuwa na utando wa kijani wa petroli iliyokaa, na kipande cheusi cha mpira kutoka ndani ya bomba la mafuta lililozeeka. Pistoni mpya ingefungwa juu ya kabureta ile, ingerudi mezani baada ya safari chache.

Kama kuta ni safi na pistoni haina doa, usikate tamaa na usifurahi mapema: fikiria ringi zilizoshikwa. Masizi yanajaa kwenye mfereji wa ringi, ringi inaganda ndani, haisukumi tena ukuta. Hapa Amu sababu kubwa mbili nazijua. Ya kwanza ni oili. Watu wanatia oili nzito ya gari kwa sababu inauzwa kila duka, au ya bodaboda. Mashine ya boti ya stroki mbili inataka oili ya TC-W3, iliyotengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji na isiyoacha majivu. Kipimo pia: nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa mtungi wa lita 20, lakini zipo za 100 kwa 1, hivyo soma kibandiko. Kuzidisha "ili iwe salama" kunajaza masizi. Ya pili ni kuondoa thamostati, vali inayozuia maji ya kupoza mpaka mashine ipate moto. Fundi anaitoa moja kwa moja kwa kuwa iliwahi kukwama, mashine inatembea baridi mwaka mzima, mafuta hayaungui sawasawa, na masizi yanakuwa mengi zaidi. Thamostati iliyokwama inabadilishwa, haitupwi.

Kuhakikisha, fungua kifuniko cha ekzosi kama modeli yako inacho, na kupitia tundu la ekzosi bonyeza ringi kwa kijiti butu cha mti. Ringi huru inazama kidogo na kurudi. Iliyoshikwa haisogei kabisa. Ila bolti za kifuniko hicho zimekaa na chumvi miaka. Ukiona unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti, tia mafuta ya kupenyeza, acha usiku kucha, pasha moto kidogo, na uigeuze mbele na nyuma. Bolti ikikatika ndani ya bloki, kazi ya ringi inageuka kuwa kazi ya drili.

Ringi zilizoshikwa wakati mwingine hufunguka bila kuvunja mashine. Mimina dawa ya kuondoa masizi kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa katikati, iache ilale, zungusha kwa mkono, ongeza, zungusha tena. Kisha plagi zikiwa nje, vuta kamba mpaka dawa yote itoke, wala usisimame mbele ya tundu. Washa mahali penye upepo, maana moshi wake utawaita majirani. Pima. Silinda iliyotoka 75 ikafika 100 na ushei, itumie wiki moja, upime tena. Isiposogea, sasa ndipo unapofungua hedi.

Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja

Mashine za silinda tatu au nne zikisoma mbili za jirani chini sawa kwa sawa, na nyingine juu, hiyo ni gasketi ya hedi iliyoungua kati ya silinda hizo mbili. Zinapeana pumzi. Kijiko cha oili hakitabadilisha kitu. Ukishafungua, usiirudishe gasketi ya zamani hata ikionekana nzuri. Weka rula ya chuma juu ya uso wa hedi na upitishe fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya): ikipita ya milimita 0.1, hedi imepinda. Hedi ndogo inanyooshwa kwa msasa wa namba 400 mpaka 600 uliolazwa juu ya kioo kinene, ukiizungusha kwa umbo la namba nane bila kuikandamiza upande mmoja. Bolti zifungwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kufunga), kwa mpangilio wa kitabu, hatua kwa hatua. Kufunga kwa hisia ya mkono ndiko kulikoifanya ya kwanza iungue.

Stroki nne

Hapa kuna vali, kamshafti (mhimili unaofungua vali) na mkanda unaoizungusha, kwa hiyo kijiko cha oili kinakuwa na maana kubwa zaidi. Pima kavu, tia oili, pima tena. Namba ikipanda sana, ni ringi au ukuta. Ikibaki palepale, hewa inapita kwenye vali au gasketi ya hedi.

Kwanza lakini soma kitabu cha modeli hiyo. Stroki nne nyingi ndogo zina kifaa kwenye kamshafti kinachofungua vali kidogo wakati wa kuvuta kamba ili mkono upate nafuu. Kompresheni yake husoma chini sana na hakuna ubovu wowote. Kwa mashine kama hizo, na kwa yoyote ambayo jibu halijakaa sawa, njia nzuri ni kutia hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa juu na vali zote zimefungwa. Fungia flaiwili isizunguke, sikiliza. Hewa ikitoka kwenye mdomo wa kabureta, ni vali ya kuingiza. Ikitoka kwenye ekzosi, ni vali ya kutoa. Ikitoka kwenye tundu la kutilia oili, ni ringi. Sauti kidogo kwenye tundu la oili ni ya kawaida, hakuna ringi inayobana asilimia 100.

Silinda zote zikishuka ghafla kwa pamoja baada ya mtu kubadilisha mkanda, mkanda umeruka jino. Vali zikikosa nafasi yake ya kupumua kwa kufungwa karibu mno, zinabaki wazi mashine ikipata moto, na kurekebisha ni kazi ya asubuhi moja. Na oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Acha kupima, usiendelee kuivuta.

Dizeli za majahazi

Usiingize geji ya petroli kwenye dizeli. Dizeli hubana kati ya paundi 350 na 500, sindano itazunguka mpaka ivunjike, au hosi ifyatuke usoni. Inatakiwa geji yake na adapta ya tundu la nozeli (inayopulizia dizeli) au la plagi ya kupashia moto. Dizeli iliyoshuka kompresheni hutoa moshi mweupe asubuhi, haitaki kuwaka bila kupashwa, na ukifungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma inapuliza kwa nguvu. Ila nozeli mbovu na hewa kwenye njia ya mafuta hutoa moshi uleule, na ni rahisi kuzikagua kwanza.

Kompresheni nzuri, nguvu hakuna

Stroki mbili inavuta mchanganyiko wake kupitia tumbo la mashine, chini ya pistoni. Oili sili za krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) zikichakaa, au vimbao vya ridi (vali nyembamba za kuingiza mchanganyiko) vikichanika ncha, tumbo halishiki pumzi. Geji kwenye tundu la plagi itakusomea 120 bila aibu, na mashine itakuwa inawaka kwa shida na kutema petroli nyuma kupitia kabureta. Ukiona kabureta inatema ukungu wa petroli kwenye slo, fungua ridi uzitazame dhidi ya mwanga. Zisiwe na ufa, na zisikae mbali na kitako chake.

Kabla ya kufunga pistoni mpya

Umefungua, ukuta umechanika, ni lazima bloki iende kuchongwa. Pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za asili) huja kwa hatua, za kawaida zikiwa 0.25 na 0.50 za milimita, na bloki ichongwe kufuata pistoni iliyo mkononi, isichongwe kwanza ndipo utafute pistoni. Mchongaji apime kila pistoni kwa maikromita. Mikwaruzo midogo isiyoshikika kwa ukucha hunolewa tu.

Bloki ikiwa mezani, tazama njia za maji. Chumvi na udongo huziba kona za juu, na mara nyingi silinda ya juu ndiyo inayotangulia kuungua maji yakipungua. Wanaopita mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakiwa yamepwa wanavuta tope moja kwa moja kwenye pampu; impela (feni ya mpira ndani ya pampu) inasagika, na kikojoleo (tundu linaloonyesha maji ya kupoza yanatoka) kinaendelea kutoa maji kidogo, kikimdanganya nahodha. Ukikuta impela imekatika bawa, litafute bawa hilo. Halikupotea, liko juu kwenye bomba la maji limeziba. Chumvi inatoka kwa maji matamu, utando mgumu kama chokaa unatoka kwa siki iliyoachwa ndani usiku. Baada ya hapo, kila jioni mashine ipitishiwe maji matamu dakika kumi. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo pia yanafaa kuliko kuiacha na ya bahari.

Safisha kabureta zote, badilisha bomba la mafuta lililoanza kupasuka, tia chujio jipya. Sili na gasketi mpya, kila moja.

Wakati wa kuilainisha mashine mpya, modeli nyingi hutaka oili maradufu, 25 kwa 1, na throtoli isishikiliwe mahali pamoja muda mrefu. Ukipima siku ya kwanza utapata namba ndogo, usishtuke: ringi mpya hazijakaa kwenye ukuta. Pima tena baada ya saa kumi za kazi, mashine ikiwa na moto, kwa geji ileile, na uandike namba za kila silinda kwa rangi ndani ya kifuniko cha mashine pamoja na tarehe, fundi anayekuja azikute.